Swali Ambalo Ernesta Hakuuliza

Hospitali yenyewe sitaitaja jina, maana waliokuwapo bado wanafanya kazi pale na wana watoto wa kusomesha. Ipo Same mjini, inatosha. Ninayetaka kumsema ni Ernesta, mhudumu wa usafi, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, ambaye kwa miaka kumi na tisa alideki wodi asubuhi na mchana akawa mdomo wa wagonjwa. Na kabla hujaanza kumhukumu, ngoja kwanza nikueleze alivyofika hapo, kwa sababu watu tuna haraka sana ya kulaumu mambo tusiyoyajua mwanzo wake.

Ernesta alizaliwa Mamba, kule juu kwenye mashamba ya tangawizi. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa na miaka sita. Aliyemchukua ni mdogo wa marehemu, mama mdogo Beatha, ambaye mwenyewe alikuwa na kichanga mgongoni na mume asiye na maneno mengi. Beatha hakusubiri kikao wala kuombwa. Matanga yalipoanuliwa alimshika mtoto mkono, akamwambia twende nyumbani, makande yataungulia. Basi, ikawa ndiyo imetoka hiyo. Ernesta akala, akavaa, akachapwa na akabembelezwa sawasawa na watoto wa mle ndani, na neno lile "mdogo" likabaki la kuwaelezea wageni tu. Kwake Beatha alikuwa mama.

Alisoma hadi darasa la saba, akateremka Same kutafuta kazi, akaolewa, akaachika, akabaki na binti mmoja ambaye siku hizi anauza samaki kule bwawani Nyumba ya Mungu. Hospitali ikamwajiri kufanya usafi. Angezeeka na ndoo yake bila mtu kumjua, lau si Daktari Yahaya.

Huyu Yahaya ni mtu wa Tanga, daktari wa magonjwa ya akili. Kliniki yake ni Alhamisi, na kila mwaka analetewa wanafunzi wa udaktari waje kujifunza kwake kwa wiki kadhaa. Vijana wazuri, makoti meupe yamepigwa pasi, simu mfukoni. Sasa anakuja bibi kutoka Chome au Gonja, huko milimani. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuzia ndizi na kubishania nauli. Cha kusemea moyo hana, moyo wake unasema Kipare. Atawaambia nini wale watoto? Anakaa kimya, wanaandika "hasemi". Siku moja Daktari akamkuta Ernesta kwenye korido anapiga soga na bibi mmoja aliyeandikwa hivyohivyo, na bibi anacheka mpaka anajishika mbavu. Daktari akasema, "Dada, weka ndoo chini, njoo huku ndani."

Ndivyo alivyoanza kutafsiri. Daktari alikuwa na fomu, na Ernesta akaijua fomu ile kuliko wanafunzi wenyewe. Kwanza mtazame mgonjwa kabla hajafungua kinywa: kavaaje, kakaaje, anakutazama usoni au anatazama sakafu. Sikiliza anavyoongea, kwa haraka au kwa kukokota. Muulize usingizi, chakula, furaha. Muulize kama anasikia sauti ambazo wenzake hawazisikii. Muulize leo ni siku gani. Mwambie atoe saba kwenye mia, na saba tena, na saba tena. Hapo wazee walikuwa wanakwama wote, na wanafunzi wanaandika kwamba akili imepungua. Ernesta akakasirika. Akawauliza, hivi nyie nani aliwahi kukaa nyumbani kwake anatoa saba kwenye mia? Akaligeuza swali: bibi, una mikungu mia ya ndizi, kila gulio unauza saba, baada ya gulio la kwanza imebaki mingapi? La pili je? Bibi anahesabu mpaka anataka kujua na bei.

Daktari Yahaya alifurahi kupita kiasi. Aliwaambia wanafunzi, "Mwangalieni huyu. Hahamishi maneno, anahamisha maana." Ernesta akavimba kichwa kidogo, na nani asingevimba? Ameishia la saba, na watu wa chuo kikuu wanaandika anachosema.

Lakini mle kwenye fomu lilikuwamo swali jingine. Wanafunzi walifundishwa kulisema waziwazi, bila kuzungukazunguka: umewahi kufikiria kujiua? Daktari alilisisitiza kuliko yote. Kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo, alisema, kunampa nafasi ya kulitua.

Mwaka wake wa kwanza Ernesta alilitafsiri vilevile lilivyo. Mgonjwa alikuwa mzee mmoja wa Vudee, mwenye ndevu nyeupe, mtu wa kuheshimika. Mzee alinyanyuka, akachukua fimbo yake, akamuuliza ni nani kamtuma amwitie kifo. Kwao, kumtajia mzee kifo chake machoni pake ni kumtakia, na akitamkiwa na mtu wa umri wa binti yake, hilo ni tusi lisilo na mfano. Wanawe walipanda hadi Mamba kudai mzee aombwe radhi. Na unajua nani alikwenda? Beatha. Alitembea kwa miguu, na tope lile la masika, mpaka Vudee, akapiga magoti kwenye kiwanja cha watu akasema mtoto wangu ni mjinga, msameheni. Aliporudi, miguu imevimba, alimwambia Ernesta maneno machache tu. "Usimtamkie tena mzee kifo. Mimi sina magoti mengine."

Ernesta hakulitamka tena. Kila wanafunzi walipofika pale kwenye swali, yeye alimgeukia mgonjwa akamuuliza kwa upole, kwa Kipare, "Baba, umechoka?" au "Mama, umechoka?" Na mgonjwa akasema nimechoka, kwa sababu nani hajachoka? Ernesta akawaambia wanafunzi, "Hapana, hana mawazo hayo. Amechoka tu." Ikaandikwa: hana. Wala hakuona kwamba anadanganya. Aliona anafanya kama alivyofanya kwa ile mikungu ya ndizi, anahamisha maana, anawatunzia wazee heshima na wanafunzi wasipigwe fimbo. Kumi na tisa, miaka hiyo. Na Daktari Yahaya, msomi mzima, akaangalia mafaili yake akaanza kuwafundisha watoto wa watu kwamba wazee wa milimani jambo hilo kwao halipo. Imani, alisema. Ukoo. Mshikamano. Watu wakaandika kwenye madaftari.

Mwaka juzi Clemence, kitinda mimba wa Beatha, alikufa kwa pikipiki kwenye kona ya kuteremkia Kisiwani. Mwaka uliofuata tangawizi ikaoza ardhini, shamba zima, unang'oa inanuka. Mumewe alikuwa ameshatangulia zamani. Beatha alikuwa na miaka sabini na miwili na hakuwa mtu wa kulialia. Alinyamaza tu. Akaacha kwenda shamba, akaacha kwenda jumuiya, akawa anaamka jogoo la kwanza anakaa kwenye kigoda anatazama mlango. Chakula anakigusa, anakirudisha. Mwanawe mkubwa, Vitus, alivumilia miezi minne, kisha akampakia kwenye gari la mizigo akamleta Same kwa Ernesta.

Alifika Jumatano. Ernesta alipomwona alishtuka, mifupa ya mabega imechomoza juu ya kanga. Beatha alifungua kifurushi chake, akatoa kitenge chake cha kuendea misa, kile cha Pasaka na Krismasi, akamwekea Ernesta mapajani. "Chukua. Mimi sina pa kukivalia." Vitus akacheka kwa uchovu, akasema, "Anagawa kila kitu, dada. Sufuria kawapa majirani, jembe kampa mke wangu." Ernesta akakikunja kitenge vizuri, akamshukuru. Alidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi kweli, ndiyo maana inaniuma kulisimulia hili.

Alhamisi wakaingia kliniki. Vitus alibaki nje, anahangaika na simu ya mtu wa gari la kurudi. Mwanafunzi wa siku ile alikuwa Irine, msichana mwembamba, makini, anayeuliza swali kisha anasubiri jibu kweli, si kama wengine wanaoangalia saa. Alimwamkia Beatha shikamoo kwa magoti kukunjwa kidogo, na Beatha akaitikia marahaba kwa sauti isiyosikika. Irine alimuuliza Ernesta kama huyu ni ndugu yake. Ernesta alisema ni mama yangu. Irine akasita, akasema wamefundishwa mtafsiri asiwe ndugu. "Basi tafuta mwingine," Ernesta akamjibu, na wote wakajua hakuna mwingine.

Wakaanza. Usingizi, hakuna. Chakula, hakuna. Furaha, Beatha alilitazama swali hilo kana kwamba limetoka nchi nyingine. Mikungu ya ndizi alihesabu hadi wa mwisho bila kukosea. Siku aliijua, mwezi aliujua, na bila kuulizwa alitaja tarehe aliyozikwa Clemence. Yote haya Ernesta aliyatafsiri vizuri, neno kwa neno.

Kisha Irine akashusha sauti akauliza lile swali.

Ernesta alimgeukia mama yake. Na hapa, jamani, lazima niseme wazi: aliliona. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo aliona kwamba swali lile huenda lina jibu. Maneno ya Kipare yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Lakini aliyekuwa mbele yake ni yule aliyemkataza, aliyepiga magoti Vudee kwa ajili yake. Mtoto gani anamuuliza mama yake kama anataka kujiua? Angeanzaje?

"Mama," akamuuliza, "umechoka?"

Beatha alimtazama muda mrefu. Alimtazama mpaka Irine akainua kichwa kwenye fomu. Kisha akasema, "Nimechoka, mwanangu. Wewe hujui nilivyochoka." Akangoja, midomo yake ikiwa wazi kidogo.

"Amesemaje?" Irine akauliza.

"Hapana. Hana mawazo hayo. Amechoka tu, shamba limemtia uchovu."

Irine hakuridhika. Aliuliza, "Mama, umemuuliza kama nilivyosema mimi?" Ernesta akasema nimemuuliza. Irine akaenda kwa Daktari Yahaya, akamwambia anahisi huyu bibi alazwe, kuna kitu. Daktari alisoma fomu, akatabasamu kwa wema. Akamwambia ni sonona, ndiyo, dawa ataanza leo, lakini lile unaloliogopa kwa wazee wa huku hulikuti, mimi nina miaka mingi hapa na faili zipo. Akaandika dawa na tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili. Vitus alikuwa ameshapata gari. Beatha alipopanda alimwekea Ernesta mkono kichwani.

Simu iliingia Jumanne asubuhi, Ernesta yuko katikati ya kudeki wodi ya wanaume. "Dada," Vitus alisema, "mama ametutoka." Ernesta akauliza ametutoka vipi, dawa zimemdhuru? Vitus akasema, "Kwa mkono wake mwenyewe, dada." Wagonjwa wanasema Ernesta hakupiga kelele. Aliendelea kudeki mpaka mwisho wa wodi, akarudia tena mwanzo, mpaka nesi akaja kumnyang'anya fagio la maji.

Mazishi sitayasimulia. Watu wa jumuiya walikuja wachache na waliongea chinichini, na mvua ilinyesha. Vitus alimuuliza mara moja tu, wakiwa wamekaa kwenye benchi nje: "Kwani kule hospitali hawakumuuliza?" Ernesta akasema walimuuliza.

Aliporudi kazini alikuta kikao. Hospitali ikifiwa hivyo inakaa, inasoma faili, inatafuta palipokosewa. Wanafunzi wote walikuwapo. Daktari Yahaya alisoma fomu ya Irine kwa sauti, akafika pale palipoandikwa "hana". Akauliza, si kwa ukali, "Irine, uliuliza au ulijaza?" Irine alisema niliuliza. Daktari akamgeukia Ernesta, akampa pole tena, akamuuliza kama kweli mama yake aliulizwa.

Hapo palikuwa pa kusema. Ningekuwa mimi, nani ajuaye. Ernesta aliwaza kazi yake, akamwaza Vitus, akawaza yale mafaili yaliyojaa kabati, kila moja lina mtu, kila moja limeandikwa hana. Alijua wengine hawakurudi kliniki. Alikuwa amedhani wamepona. Akasema, "Aliuliza. Nami nikamuuliza mama."

Daktari akafunga faili. Alimwambia Irine kwamba basi uliuliza, lakini hukusoma uso. Jibu la mdomo si jibu lote, na hili utalibeba. Irine alilibeba. Siku zile chache alikonda, akawa anakosea hata kuchukua presha. Na Ijumaa akamfuata Ernesta kwenye stoo ya ndoo, akasimama mlangoni, akasema, "Mama, naomba unisamehe. Labda mimi ndiye niliyeliuliza vibaya."

Ernesta alimtazama yule mtoto wa watu anavyolia kwa kosa lisilo lake, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu." Alisema hivyo. Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akajichukia, na tangu hapo hajaacha.

Alhamisi iliyofuata aliletwa Mzee Hezroni kutoka Mbaga. Mgane wa miaka themanini, suti imepauka, kola imefungwa hadi juu ingawa jua la Same lilikuwa linachoma. Wajukuu walimwacha mlangoni. Irine ndiye aliyekuwa zamu. Aliuliza kila kitu kwa mpangilio, bila kuinua macho, na alipofika kwenye swali lile alilisema upesi, kama mtu anayepita penye mbwa.

Ernesta hakujiandaa. Alijikuta tu ameshasema. Alilisema kwa Kipare kitupu, wazi, lilivyo, na mikono yake ikatangulia kukinga uso, maana alingoja fimbo.

Mzee Hezroni hakunyanyuka. Alitoa leso, akajifuta jasho shingoni. "Ndiyo," akasema. "Tangu mke wangu afe, karibu kila siku. Nimeshapanga na siku." Akavuta pumzi, mabega yakamshuka. "Hakuna aliyewahi kuniuliza. Wanangu wananiuliza kama nimekula."

Ernesta alilitafsiri lote. Irine aliandika, akainuka kwenda kumwita Daktari, akasimama katikati ya chumba. Akarudi. Alikuwa ameshaelewa, ilionekana kwenye macho yake.

"Mama," akasema polepole. "Siku ile. Yule bibi. Ulimuuliza hivi?"

"Sikumuuliza."

"Na wale wengine? Wale wa miaka yote?"

"Baada ya yule wa mwaka wa kwanza, hata mmoja."

Irine alishika ukingo wa meza. Ernesta angependa sana atukane, apige. Mzee Hezroni aliwatazama wote wawili kwa zamu. Akauliza kwa Kipare kuna nini, huyu binti amepatwa na nini.

Ernesta akamtafsiria, bila kuongeza wala kupunguza. "Baba, ameniuliza kama mama yangu nilimuuliza swali nililokuuliza wewe. Nimemwambia sikumuuliza. Naye amekufa, alijiua."

Mzee aliikunja leso yake.

"Kwa nini hukumuuliza?"

"Nilimheshimu, baba," Ernesta akasema.